Kinu cha Umeme na Deni la Mwenye Kukibadilisha

Wapo wanaodhani kwamba maswali ya maadili hukaa katika mambo makubwa tu: vita, hukumu, mirathi, ndoa. Humo yamo, hapana shaka. Lakini mengi huingia nyumbani kwa mlango wa jikoni, na aghalabu huingia yakiwa mkononi mwa fundi. Mojawapo ni hili: mtu akinunua chombo kilichoundwa kwa ajili ya watu wengi, akakipeleka kwake, akakikata huku na kukipunguza kule mpaka kikamtosha yeye na nyumba yake, je, anadaiwa chochote? Na kama anadaiwa, mdai wake ni nani?

Chombo kinachokusudiwa hapa ni mashine ya kusagia kahawa, ile ya mikahawani.

Achukuliwe, kwa mfano, mkazi wa Madale, katika Wilaya ya Kinondoni, huko juu baada ya Tegeta na Wazo, mahali ambapo miaka si mingi nyuma palikuwa mashamba na mapori, na leo ni nyumba, mageti na matofali yanayosubiri kupandishwa. Mtu huyu anapenda kahawa. Amepata, kwa bei aliyoiweza, mashine ya mtumba iliyotoka katika mkahawa mmoja wa mjini uliofunga milango. Ni Super Jolly, inayoundwa na kampuni ya Mazzer katika jimbo la Venisi, Italia: kilo 14 hivi za chuma na alumini, mota ya wati 350, na ndani yake visahani viwili bapa vyenye meno, kila kimoja kipenyo chake milimita 64. Kimoja hutulia, cha pili huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika, na buni hupita baina yao. Juu pana bakuli la plastiki linalopokea zaidi ya kilo moja ya buni. Mbele pana kopo lililogawanywa vyumba vyumba, lenye mkono wa kuvuta. Kila mkono ukivutwa, huanguka kipimo cha kikombe kimoja. Hii ni mashine ya foleni. Imeundwa kwa ajili ya asubuhi ambayo watu thelathini wamesimama mbele ya meza na wote wana haraka.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza: mashine ya nini, na kinu kipo? Swali hilo ni la haki. Kahawa ya pwani hii haikungojea umeme. Buni hukaangwa, hutwangwa kwa mchi, hupikwa katika mdila pamoja na tangawizi au hiliki, ikanywewa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na kipande cha kashata pembeni. Kahawa inayochemshwa namna hiyo husamehe mengi. Chenga kubwa na unga laini vyote hukaa chini ya mdila, na mnywaji huacha machicha yake katika kikombe. Kahawa ya Kiitaliano haina msamaha huo. Maji ya moto husukumwa kwa nguvu ya anga tisa hivi kupita katika tonge dogo la kahawa kwa nusu dakika au pungufu, na chenga zikiwa hazilingani, maji hutafuta penye mwanya, yakapita hapo, na kwengine kukabaki kama kulivyokuwa. Kinachotoka huwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Kwa hiyo anayetaka kahawa ya namna hiyo nyumbani hana budi kutafuta meno mazuri ya kusagia, na meno mazuri, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikiria, hupatikana katika mashine zilizokwisha kutumika mikahawani. Ndiyo sababu mabadiliko ya aina hii yamekuwa kama chuo kizima huko Ulaya na Marekani, na ndiyo sababu yamefika Madale.

Kinachobadilishwa ni nini? Kwanza bakuli. Mtu anayehitaji gramu 18 kwa kikombe hana haja ya kuweka kilo nzima juu ya mashine, ikakaa wiki tatu katika unyevu wa pwani mpaka ikapoteza harufu. Bakuli hutolewa, na mahali pake huwekwa kidude kidogo. Wenzao wa ng'ambo wamegundua kwamba kile kikingio cha mpira cha lenzi ya kamera hukaa vyema pale juu, na kikibonyezwa kama mvukuto hupuliza nje chenga zilizonasa. Wa Madale huanza na chupa ya maji iliyokatwa katikati. Halafu lile kopo la vyumba. Mkahawani, kahawa inayobakia kooni mwa mashine husukumwa nje na ile inayofuata baada ya dakika moja. Nyumbani hukaa humo kuanzia asubuhi mpaka asubuhi ya pili, na kikombe cha leo kikawa kimechanganyika na cha jana. Basi kopo hung'olewa, na fundi bati hutengeneza mlizamu mfupi ulionyooka. Kisha meno yenyewe: mapya yakipatikana hufungwa mapya, na ukingo wake hupakwa wino wa kalamu ili, mashine ikizungushwa kwa mkono, ijulikane ni upande gani unaogusana mapema kuliko mwengine. Vipande vidogo vya karatasi ya alumini huchomekwa chini ya kisahani mpaka pande zote zikalingana. Kazi hii ina raha yake, na asiyeijua raha hiyo asiharakishe kuihukumu.

Mpaka hapa yupo mtu mmoja na chombo chake. Walaumu nao wapo, na wa kwanza husema: chombo kina nia ya aliyekiunda, na kuibatilisha nia hiyo ni utovu wa adabu kwa ustadi wake.

Lau mashine hiyo ingekuwa wakfu, lawama hii ingekuwa na uzito. Mwenye kuweka wakfu kisima, nyumba au shamba la minazi huweka na sharti lake, na mafakihi wamelipa sharti hilo heshima inayokaribia ile ya andiko la sheria. Aliyesema maji ni ya wapita njia, maji hayo hayageuzwi kuwa ya kunyweshea bustani ya msimamizi. Zanzibar mambo hayo yana mamlaka yake hasa, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa kuwa wanaadamu wamejua tangu kale kwamba msimamizi huona vigumu kutofautisha baina ya bustani yake na njia ya watu. Lakini mwenye kiwanda si mweka wakfu. Ameuza, amepokea thamani yake, na kauli yake imekwisha pale. Aristotle alitoa mfano wa kiatu: kina matumizi mawili, kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine, na la kwanza ndilo lake hasa. Mfano ni mzuri, ila haumsaidii mlaumu huyu, kwani mashine ya Madale bado inasaga kahawa. Na hata isingesaga, watu wa pwani wamekata matairi wakapata makatambuga, wamekunja makopo wakapata vibatari, na hakuna aliyewahi kuwaomba radhi wenye viwanda vya mpira wala vya maziwa.

Mlaumu wa pili ana hoja nzito zaidi. Yeye husema: hii ni israfu. Mashine ya watu mia kwa vikombe viwili! Hapa inafaa kuhesabu kabla ya kukemea. Kusaga gramu 18 huchukua sekunde kumi hivi. Mota ya wati 350 ikizunguka sekunde kumi hula takriban sehemu moja ya elfu ya uniti ya umeme. Yaani uniti moja ya LUKU ingetosha kusaga mara elfu, ambayo ni zaidi ya mwaka mzima kwa mtu wa vikombe viwili kwa siku. Kuchemsha maji ya vikombe hivyo hula zaidi ya kuvisaga. Ama chuma chenyewe, kama kisingefika Madale, kingepimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa chakavu. Israfu, kama ipo, inafaa itafutwe kwa mwenye mkahawa aliyeitupa mashine ingali nzima, au kwa yule anunuaye mpya kila mwaka kwa sababu rangi imebadilika. Huyu aliyeokota na kutengeneza yuko upande wa pili kabisa wa mizani.

Mlaumu wa tatu hasemi sana. Yeye ni mzee wa baraza, na lawama yake ni kwamba kahawa si kitu cha mtu peke yake. Ana ushahidi, tena wa kutoka kila upande. Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, waliinywa wakiwa katika halaka zao za usiku ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 muhtasibu wa Makka, Khair Beg, alipoipiga marufuku, kilichomkera kilikuwa mikusanyiko na maneno yake kama ilivyokuwa kinywaji chenyewe, na Kairo haikuchelewa kuitengua amri yake. Wahabeshi hukaanga na kutwanga mbele ya mgeni, na mgeni hutakiwa angojee mizunguko mitatu, ambayo wa mwisho huitwa baraka. Wahaya wa Kagera, waliokuwa na buni yao wenyewe kabla ya mfanyabiashara au mmisionari yeyote, waliichemsha, wakaikausha na kuitafuna. Na walipotaka kufunga udugu wa damu, walichukua zile punje mbili zinazolala pamoja ndani ya ganda moja, kila mmoja akapaka yake damu, wakabadilishana na kumeza. Punje mbili katika ganda moja: ni vigumu kupata tunda linalosema wazi zaidi kwamba halikukusudiwa mpweke. Na Mji Mkongwe wa Unguja una Jaws Corner yake, ambapo kahawa ni sababu tu, na mazungumzo ndiyo yanayonywewa.

Mzee huyu ana haki ya kusikitika, lakini amekosea kumtafuta mkosaji jikoni. Mkosaji, kama yupo, ni mpimaji wa viwanja na mjenzi wa kuta. Nyumba ya kale ya pwani hutanguliza baraza. Mtu hukutana na kikalio cha mawe kabla hajaufikia mlango. Nyumba ya Madale hutanguliza ukuta wa tofali na geti la chuma, na juu ya ukuta vigae vya chupa au waya. Si kwa uchoyo. Watu wametoka pande mbalimbali za nchi, wamenunua kwa watu wasiowajua, wamesikia habari za viwanja vilivyouzwa mara mbili, na wengi huondoka alfajiri kuikimbia foleni ya magari na kurudi usiku. Ni nani atakayekaa barazani saa kumi za jioni, na wenye nyumba wako njiani? Aliyeingiza mashine nyumbani hakulivunja baraza. Amekuta halipo. Ni hasara, tena kubwa, ila si kila hasara ina mwizi wake.

Basi walaumu watatu wamesikilizwa, na mtu wa Madale anaonekana kutoka mikono mitupu, hadaiwi na kiwanda, wala na umeme, wala na baraza. Hapo ndipo suala lenyewe linapoanza, kwa kuwa yapo mabadiliko mawili ambayo hayajatajwa.

La kwanza: chini ya bakuli, mdomoni mwa koo la mashine, kiwanda huweka kizuizi cha chuma, ili buni ipite na kidole kisipite. Anayetaka kidude chake cha juu kikae sawasawa, au anayetaka kusafisha upesi kwa brashi, hukiona kizuizi hicho kama kero, akakifungua na kukiweka katika kopo la misumari. Tangu siku hiyo, meno yanayozunguka mara 1,400 kwa dakika yako umbali wa kidole kutoka hewani.

La pili ni plagi. Mashine iliyotoka Italia huja na plagi ya miguu miwili ya duara, ambayo waya wake wa ardhi hugusa chuma kilichoko pembeni. Soketi za Tanzania ni za Kiingereza, matundu matatu, na lile la juu ndilo linalofungua vifuniko vya yale mawili ya chini. Kila mtu aliyekulia Dar es Salaam anajua linalofuata: kalamu au kijiti hutiwa katika tundu la juu, vifuniko hufunguka, na miguu miwili husukumwa ndani kwa nguvu mpaka mashine ikawaka. Au fundi hukata plagi ya kigeni, akafunga ya hapa, na kwa kuwa ule waya wa kijani na njano ni mfupi au unasumbua kufika, huukunja na kuufungia nje. "Mzee, huu hauna kazi," husema, "ni wa ethi tu." Na mashine huwaka vilevile. Hapo ndipo penye hadaa: waya wa ardhi ndio pekee ambao ukikosekana hakuna kinachokosekana, mpaka siku moja. Siku hiyo waya wa moto huchunika ndani na kugusa mwili wa chuma. Kama waya wa ardhi upo, umeme hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Kama haupo, umeme hukaa pale pale juu ya chuma, ukingojea mkono.

Na mkono wa nani? Hilo ndilo swali ambalo hadithi za mafundi wa nyumbani hulipita haraka. Aliyeibadilisha mashine anazijua hatari zake zote. Anajua kwamba kizuizi kimo katika kopo la misumari. Anajua kwamba kabla ya kutia brashi ni lazima achomoe. Mikono yake imejifunza pamoja na kichwa chake. Lakini yeye huondoka saa kumi na moja alfajiri. Anayebaki na mashine ni msichana wa kazi, pengine wa miaka kumi na minane, aliyetoka mkoani mwezi uliopita na kuambiwa kwamba mgeni akija asagiwe kahawa. Kwake mashine ni mashine. Haimwambii kwamba zamani ilikuwa na kitu hapa ambacho sasa hakipo. Ujuzi wa hatari umepanda daladala na mwenye nyumba, na hatari yenyewe imebaki jikoni.

Siku moja msichana husema, "Baba, ile mashine inanipiga shoti kidogo nikiishika." Baba hujibu bila ya kuinua macho, "Vaa ndala."

Maneno hayo mawili husemwa katika nyumba nyingi za Tanzania, kuhusu mafriji, pasi, majiko na pampu za maji, na wayasemao ni watu wema. Hakuna anayekusudia shari. Lakini yachunguzwe. Yanakiri kwamba chombo kina kasoro. Yanakiri kwamba kasoro inajulikana. Kisha, badala ya kuitoa kasoro katika chombo, yanaihamishia kwenye miguu ya asiye na neno katika nyumba. Akisahau ndala, amesahau yeye. Akiwa amelowa miguu kwa kuwa ametoka kudeki, kosa ni la maji. Fakihi angekumbusha kaida inayojulikana na kila mwanachuo, kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Lakini hata asiyesoma fikihi anaweza kuona kwamba hapa gharama ya waya wa mita moja imelipwa kwa amana ya mwili wa mtu mwengine, na mwenye mwili hakuulizwa.

Hii ndiyo tofauti ambayo walaumu watatu hawakuiona, kwa kuwa waliitazama mashine kama kitu kimoja chenye nia moja. Mashine ina nia nyingi. Bakuli kubwa na kopo la vyumba viliwekwa kwa ajili ya wepesi wa mwenye mkahawa. Aliyekuja kuwa mwenye mashine amerithi wepesi huo na ana haki ya kuukataa. Kizuizi cha vidole na waya wa ardhi havikuwekwa kwa ajili yake hata kidogo. Viliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye muundaji hakumjua wala hatamjua: mfanyakazi wa siku ya kwanza, mtoto wa jirani, mwenye usingizi. Sehemu hiyo ya mashine haikuuzwa na muuzaji wala haikununuliwa na mnunuzi, kama vile mwenye kununua nyumba ya Mji Mkongwe asivyonunua haki ya kuziba uchochoro unaopita chini yake. Imepita mkononi mwake tu.

Wafasiri wanayajua haya kwa njia yao. Mfasiri hubadilisha: hukata, huongeza, husogeza, huacha mizani ya kigeni akatafuta itakayobebwa na lugha yake. Wanaomlaumu kwa kubadilisha hawajui kazi yenyewe. Deni lake haliko kwa mwandishi aliyekufa miaka mia nne iliyopita, ambaye hadhuriki tena. Wala haliko kwa mtaalamu anayezijua lugha zote mbili, ambaye anaweza kufungua kitabu cha asili akajionea. Liko kwa msomaji asiyeweza kulinganisha. Yeye huchukua neno la Kiswahili kama alivyolikuta na kulifanya lake. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa, hata jina lake likageuka kuwa Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais wa nchi, na kazi ilikuwa imekwisha kupokewa. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumlazimisha arudi. Kadiri anayepokea asivyoweza kukagua, ndivyo deni la anayetoa linavyokuwa zito, na msichana aliye mbele ya mashine ya Madale hawezi kukagua kabisa.

Yupo na mpokeaji wa mbali zaidi. Vikombe viwili kwa siku ni gramu 36. Kwa mwaka ni kilo 13 na kidogo. Meno bapa ya namna hii maisha yake huhesabiwa kwa mamia ya kilo. Yakikadiriwa kilo 400 tu, mtu wa Madale ana meno ya miaka thelathini. Kama ameinunua akiwa na umri wa miaka hamsini, kuna uwezekano mkubwa kwamba mashine itamzika. Itauzwa na warithi, au itapewa mpwa anayeanza maisha Mbagala, na hakuna kati yao atakayejua kwamba chini ya kile kidude cha juu kulikuwa na kizuizi, wala kwamba plagi inayoonekana nzima ina waya mbili ndani badala ya tatu.

Wako wanaotoa jawabu la karatasi: iandikwe orodha ya yote yaliyobadilishwa, ibandikwe chini ya mashine, kama dibaji ya mfasiri. Ni jawabu jema kwa mambo ya bakuli na mlizamu, na mwenye kuliandika amefanya uungwana. Kwa kizuizi na waya halitoshi. Karatasi hubanduka kwa joto na mafuta ya kahawa, na anayeshika mashine kwa mkono uliolowa hajaipindua kwanza kusoma chini yake. Kizuizi hakina haja ya kusomwa.

Kilichobaki ni kazi ya nusu siku. Kizuizi hurudishwa, kidude cha juu kikikataa kukaa, ni hicho kidude kitakachokatwa. Plagi ya Kiingereza ya miguu mitatu, yenye fyuzi yake, hufungwa kwa waya zote tatu. Na fundi huombwa jambo moja zaidi, ambalo huenda likamshangaza: apime kama ile ardhi ipo. Kwani zipo nyumba mpya ambazo kila soketi ina matundu matatu, safi, meupe, na nyuma ya tundu la tatu hakuna waya. Au waya upo, unashuka mpaka nje ya ukuta, na pale chini hapakuchimbiwa fimbo ya shaba, kwa kuwa fedha ziliishia kwenye bati na fundi wa kwanza aliahidi kurudi. Katika nyumba kama hiyo plagi nzuri haina inalolinda. Fimbo ichimbiwe penye udongo unaohifadhi unyevu, karibu na mahali maji ya kufulia yanapomwagwa, na msichana aonyeshwe ilipo, aambiwe kazi yake, na aambiwe pia kwamba siku mashine ikimpiga tena asitafute ndala, achomoe na kuiacha hapo mpaka baba arudi.